Kutoka kikopo hadi hadubini: mwongozo kamili wa kupima minyoo kwa watoto wa shule jijini Nairobi

Asubuhi moja huko Mukuru nilifungua vikopo vitatu vya watoto wa darasa moja nikavipanga mezani. Majina yalikuwa matatu, namba zilikuwa tatu, lakini kinyesi kilikuwa kimoja: rangi ile ile, nyuzi zile zile za sukuma wiki, mbegu zile zile za nyanya. Mmoja alikuwa amepata choo, wenzake hawakupata, na kwa kuwa hakuna mtoto anayependa kumrudia mwalimu mikono mitupu, waligawana. Hadubini isingenionyesha hilo kamwe. Ningehesabu mayai kwa makini, ningezidisha kwa 24 ili kupata mayai kwa kila gramu, kisha ningeandika kwamba watoto watatu wana minyoo, ilhali nilikuwa na hakika na mmoja tu.

Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana mtaani kabla ya kuingia maabara. Wanafunzi wengi wanaoniletea maandiko yao ya utafiti huwa na kurasa kumi za taratibu za maabara na sentensi moja kuhusu namna sampuli itakavyopatikana. Ninaandikia mwanafunzi, mtaalamu wa maabara au afisa wa afya anayefanya utafiti wake wa kwanza wa minyoo ya tumbo kwa watoto wa shule katika mitaa ya Nairobi, mwenye bajeti ndogo na hadubini moja au mbili.

Jua unamtafuta mdudu gani

Kila kipimo kina macho yake, kwa hiyo anza na mdudu kabla ya kuchagua kipimo.

Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, minyoo mviringo na minyoo mjeledi ndiyo inayotawala. Yote miwili huingia kwa mdomo. Mayai hutoka na kinyesi, hukomaa kwenye udongo wenye unyevu kwa wiki mbili hadi nne hivi, kisha humrudia mtu kwa kidole, kwa tunda au kwa mboga isiyooshwa vizuri. Mnyoo mviringo mmoja wa kike unaweza kutaga mayai hadi 200,000 kwa siku, na mayai hayo huishi kwenye udongo kwa miaka. Mtaro mmoja unaofurika mbele ya ploti wakati wa masika unatosha kuwahudumia watoto wa ploti nzima. Utafiti uliofanywa Kibera na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta minyoo ya aina hii kwa takriban watoto wanne kati ya kila kumi, na karibu yote ilikuwa ya aina hizo mbili.

Minyoo ya safura, ambayo mabuu yake hupenya ngozi ya miguu, ni haba mjini. Ukiikuta kwa mtoto wa Kawangware, muulize mzazi mtoto alikaa wapi likizo iliyopita. Kichocho ni vivyo hivyo: ukiona yai lenye mwiba ubavuni, yaani la Schistosoma mansoni, huenda mtoto aliogelea kwenye mifereji ya mpunga ya Mwea au kando ya Ziwa Victoria alipokwenda ushago. Kwa hiyo dodoso lako lazima liwe na swali la safari. Bila swali hilo utaihesabia Nairobi ugonjwa uliopatikana kwingine.

Kipimo cha Kato-Katz ndicho kitakuwa uti wa mgongo wa kazi hii, kwa sababu kinakupa idadi ya mayai kwa kila gramu ya kinyesi, na bila idadi huwezi kusema mzigo wa minyoo ni mzito au mwepesi. Lakini hakioni kila kitu. Amiba na Giardia, ambazo ni vimelea vya seli moja, hakizioni. Hizo zinahitaji kinyesi kibichi kwenye maji ya chumvi na iodini, au njia ya formalini na etha. Mabuu ya Strongyloides, mnyoo mwingine wa utumbo, pia hakiyaoni. Minyoo uzi, ile inayowasha njia ya haja kubwa usiku, hutafutwa kwa utepe wa gundi unaobandikwa hapo asubuhi kabla mtoto hajaoga. Na kichocho cha mkojo hutafutwa kwenye mkojo, mililita 10 zilizochujwa, zilizokusanywa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, muda ambao mayai hutoka kwa wingi. Andika wazi katika andiko lako kile ambacho kipimo chako hakitaona, ili msomaji asidhani mtoto asiye na yai kwenye slaidi hana kimelea chochote.

Vibali, na kwa nini mfuatano wake una maana

Andiko huanzia kwa kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, ina kitengo chake, SERU. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta na Chuo Kikuu cha Nairobi wana kamati ya pamoja. Ukishapata barua ya maadili, omba leseni ya utafiti ya NACOSTI, kisha nenda idara ya afya ya kaunti, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, na hapo ndipo umfikie mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akiona umeanzia kwake atakupokea kwa adabu, lakini kazi itasimama hadi barua zije. Watu watakaosoma slaidi wawe wamesajiliwa na bodi ya wataalamu wa maabara, KMLTTB. Kwa haya yote tenga miezi, usitenge wiki.

Majina ya watoto na namba zao za utafiti zikae katika mafaili mawili tofauti tangu siku ya kwanza. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakutaka utunze taarifa hizo, na hata isingekuwepo, hakuna mtoto anayestahili kujulikana darasa zima kuwa ndiye mwenye minyoo.

Watoto wangapi?

Tumia kiwango kilichowahi kupatikana mahali panapofanana na pako. Tukichukua ile asilimia 40 ya Kibera na kukubali kukosea kwa asilimia 5 kila upande, hesabu ni 1.96 × 1.96 × 0.4 × 0.6 ÷ (0.05 × 0.05), yaani watoto 369 (1.96 ni namba ya kiwango cha uhakika cha asilimia 95). Watoto wa shule moja hufanana, kwa sababu wanakunywa maji ya bomba moja na kucheza uwanja mmoja, kwa hiyo zidisha mara mbili: 738. Mwanafunzi mwenye hadubini moja hawezi kuwamaliza. Akikubali kukosea kwa asilimia 10, anahitaji 93, mara mbili ni 186. Afadhali 186 waliopimwa vizuri, na ripoti inayokiri upana wa makadirio yake, kuliko 738 waliosomwa na macho yaliyochoka.

Vitabu vitakuambia uongeze asilimia 10 kwa ajili ya watakaopotea. Kwa Nairobi mimi huongeza robo nzima. Wapangaji huhama mwisho wa mwezi kodi inapopanda au kazi inapokwisha, na mtoto huhama nao. Mtoto uliyempa kikopo tarehe 28 waweza usimwone tena.

Orodha yako ya shule isiwe ya shule za serikali peke yake. Watoto wengi wa Mathare, Kibera na Mukuru husoma katika shule ndogo za binafsi za mtaani, zile za mabati, na mara nyingi vyoo vyao ni vichache kuliko vya shule za serikali. Ukiziacha, umewaacha walio hatarini zaidi. Kisha chagua watoto kwa bahati nasibu kutoka kwenye rejista. Ukimwachia mwalimu akuchagulie, atakupa wale nadhifu, au wale anaodhani wana minyoo.

Angalia pia kalenda. Wiki za Malezi Bora, Mei na Novemba, watoto wa chini ya miaka mitano hupewa dawa ya minyoo, na mama anayemchukulia mdogo dawa mara nyingi humkumbuka na mkubwa dukani. Uliza kila mtoto mara ya mwisho kumeza dawa ni lini na uandike jibu.

Mtaani, kabla ya kikopo cha kwanza

Anza kwa chifu au naibu wake, kisha wazee wa mtaa, kisha wahudumu wa afya ya jamii. Hawa wa mwisho ndio watakaokuokoa. Wanajua ni ploti gani ina choo cha kulipia, ni nani anafanya kazi zamu ya usiku, na ni uvumi gani umeshaanza kuzunguka. Uvumi utakuwepo. Watu wakisikia kuna wageni wanakusanya kinyesi cha watoto, wengine watataja ushirikina na wengine watasema kinauzwa ng'ambo.

Itisha mkutano wa wazazi Jumamosi alasiri, au Jumapili baada ya ibada, kwa sababu siku za wiki mama yuko kwenye kibarua cha kufua na baba yuko mjengoni. Katika mkutano kama huo huko Mathare shosho mmoja alisimama akaniuliza, "Mwanangu, hiki choo cha mtoto mnakipeleka wapi, na kikiisha mnakitupa wapi?" Nilimjibu, "Shosho, kinakwenda maabara, tunatoa kipande kidogo kama punje ya dengu, kinachobaki kinachomwa. Ukitaka, njoo Jumatatu uone." Alikuja. Nilimpa glovu, nikamkalisha mbele ya hadubini, akaliangalia yai la mnyoo mviringo la mtoto asiyemjua. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Hii ndiyo inakuwa ule mkubwa?" Wiki ile fomu zilizorudi zikiwa na saini ziliongezeka kuliko katika wiki mbili zilizotangulia, na mimi sina shaka ni yeye aliyezungumza na majirani.

Shosho huyo ananikumbusha jambo jingine: ni nani anayetia saini? Watoto wengi wa mitaa hii hulelewa na nyanya, shangazi au kaka mkubwa. Uliza ni nani mlezi halali, na ikiwa mzazi yuko kijijini, fuata utaratibu ambao kamati ya maadili imeukubali. Baada ya saini ya mlezi, mtoto mwenyewe aulizwe, faraghani, akiwa na haki ya kukataa bila mwalimu kumkazia macho.

Lugha pia ina kazi yake. Fomu inaandika "kinyesi", lakini mdomoni sema "choo", kama mama anavyosema nyumbani. Usianze na neno "utafiti". Anza na minyoo, ambayo kila mama anaijua, na ueleze kwamba mtoto atakayekutwa nayo atapewa dawa bure.

Kikopo na asubuhi yake

Kila mtoto apewe kikopo chenye mfuniko wa kusokota, kijiti cha mbao, ukurasa wa gazeti, na mfuko wa kaki wa kukifichia. Mfuko huo ni wa lazima: mtoto wa darasa la sita hatapita sokoni ameshika choo chake mkononi kinaonekana. Mifuko myepesi ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2017, kwa hiyo usiitegemee.

Namba iandikwe kwenye mwili wa kikopo, isiandikwe kwenye mfuniko. Mifuniko hubadilishana mara tu vikopo viwili vinapofunguliwa pamoja. Tumia kalamu isiyofutika, au penseli juu ya utepe wa karatasi. Wino wa kawaida huyeyuka kwa unyevu, na kufikia saa tatu una vikopo kumi visivyo na wenyewe.

Fundisha kwa vitendo. Mimi hubeba donge la udongo mweusi, nalitandaza juu ya gazeti, nachota kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba na kukitia kikoponi mbele ya darasa. Watoto hucheka, waache wacheke, lakini wanakumbuka. Waambie gazeti litandazwe chini kwanza, choo kiangukie hapo, kisichanganyike na mkojo wala kuokotwa kwenye udongo, kwani udongo una minyoo yake isiyohusiana na binadamu. Kwenye ploti za choo cha kulipia, ongea na mwenye choo mapema. Shilingi chache ambazo mama hana asubuhi hiyo zinatosha kukukosesha sampuli.

Kisha sema sentensi ambayo sikuisema kule Mukuru: "Ukikosa choo leo, leta kikopo kitupu, hujakosea, utaleta kesho." Mpe mtoto siku tatu, na mwombe mwalimu asiwasifu waliojaza wala kuwakemea wasiojaza. Tangu tuanze kufanya hivyo, vikopo vya kugawana vimekuwa nadra sana. Bado navitazama vyote kwa pamoja kabla ya kuvifungasha, vya darasa moja kando kando.

Gawa vikopo alasiri, kusanya kabla ya saa mbili asubuhi, na uandike saa ya kupokea. Vikae kwenye kasha lenye vipande vya barafu, bila kugandishwa. Mayai ya safura huanza kuanguliwa ndani ya siku moja kwenye joto, na kinyesi chepesi chenye amiba hai kinatakiwa kiwe kwenye slaidi ndani ya nusu saa, muda ambao huupati ukitoka Dandora kwenda mjini.

Hapa nina kosa la kusimulia. Miaka ya nyuma tulitengeneza slaidi za Kato-Katz shuleni saa tatu asubuhi tukazipakia garini. Jogoo Road ilikuwa imefunga kabisa, na slaidi ya kwanza ilisomwa baada ya saa sita mchana. Ripoti ikaandika kwamba hakuna safura hata kwa mtoto mmoja. Sina haki ya kusema hivyo, kwa sababu gliserini ilikuwa imeshayafanya mayai ya safura yasionekane. Tangu hapo, ama hadubini inakwenda shuleni na kuwekwa kwenye darasa lenye stima, ama kinyesi kinasafiri kikoponi na slaidi inatengenezwa maabara. Slaidi iliyokwisha kutengenezwa haipandi gari.

Kato-Katz, polepole

Njia hii ilianzia Japani, kwa Kato na Miura, mwaka 1954, na Katz na wenzake wa Brazil wakaiboresha mwaka 1972. Vifaa ni vichache. Siku moja kabla, changanya mililita 100 za gliserini, mililita 100 za maji yaliyokenekwa, na mililita 1 ya rangi ya malakaiti ya kijani ya asilimia 3. Lowesha humo vipande vya selofeni kwa angalau saa 24. Selofeni iliyoloweshwa nusu siku hukauka pembeni na kuacha mapovu.

Weka kinyesi kidogo kwenye gazeti au kigae. Kifunike kwa kipande cha wavu wa nailoni, ukibonyeze, na ukwangue juu ya wavu kwa kijiko bapa kile kilichopenya. Kwangua kutoka sehemu kadhaa za wavu, maana mayai hayajatawanyika sawasawa. Weka kibao chenye tundu katikati ya slaidi, jaza tundu hadi lifurike kidogo, kisha pitisha ukingo wa kijiko juu yake mara moja ili pawe sawa. Inua kibao wima, bila kukiburuta. Kinachobaki ni kisilinda kidogo cha kinyesi, kimesimama kama chapati ya mtoto anayecheza upishi. Kikivunjika, rudia, usikiunganishe.

Funika kwa selofeni iliyolowa, geuza slaidi chini juu, uibonyeze kwenye kigae laini kwa nguvu inayoongezeka polepole hadi kinyesi kitandae duara bila kumwagika pembeni. Itenganishe kwa kuitelezesha kando. Ukiivuta juu, selofeni itabaki kwenye kigae. Iache mezani. Utajua iko tayari ukiiweka juu ya gazeti na maandishi yakasomeka kupitia kwake.

Tengeneza slaidi mbili kwa kila sampuli, na ukiweza, chukua sampuli siku mbili tofauti, kwa sababu mayai hayatoki kwa kiwango kimoja kila siku na mzigo mwepesi hupotea kirahisi. Kinyesi cha kuharisha hakifai kwa njia hii. Kipeleke kwenye formalini na etha.

Kabla ya yote soma ukubwa wa tundu la kibao. La kawaida hubeba miligramu 41.7, ndiyo maana tunazidisha kwa 24. Vipo vibao vya miligramu 50, vya kuzidisha kwa 20, na vya miligramu 20, vya kuzidisha kwa 50. Vibao viwili tofauti vikichanganyika kwenye boksi moja, utafiti wote umeharibika na hakuna hesabu itakayouokoa.

Kusoma

Safura kwanza, kati ya dakika 30 na 60 baada ya kutengeneza slaidi. Minyoo mviringo na mjeledi haina haraka hiyo, na kichocho huonekana vizuri zaidi kesho yake.

Anza pembe ya juu na lenzi ya 10, shuka hadi chini, sogea upana mmoja, panda tena, kama mtu anayelima tuta kwa tuta bila kuruka hata moja. Ukiona kitu cha kutilia shaka, nenda lenzi ya 40. Yai la mnyoo mviringo ni la kahawia ya dhahabu, duara au lenye urefu kidogo, limevikwa ganda lenye vinundu. Lisilorutubishwa ni refu zaidi na umbo lake halijatulia, na ndilo wanaoanza kazi hulipita wakidhani ni uchafu. La mnyoo mjeledi ni kama pipa dogo lenye kizibo kinachong'aa kila upande. Ukiliona mara moja hutalisahau. La safura lina ganda jembamba kama mstari wa penseli, na ndani seli chache zilizojitenga na ganda. Jihadhari na chavua za mimea, mapovu ya hewa na matone ya mafuta. Yai lina ganda lenye unene, na ukizungusha fokasi taratibu utauona ukingo wake wa ndani na wa nje.

Hesabu kwa kibonyezo cha mkononi, kila aina peke yake, hadi mwisho wa slaidi. Mimi simruhusu msomaji apite slaidi 50 kwa siku. Asilimia 10 ya slaidi zichukuliwe kwa bahati nasibu zisomwe tena na mtu wa pili asiyeona jibu la kwanza. Wakitofautiana kuhusu kuwepo kwa yai, au hesabu zao zikipishana kwa zaidi ya asilimia 20, mtu wa tatu asome. Safura isomwe mara ya pili papo hapo, la sivyo msomaji wa pili atakuwa anaangalia slaidi tupu.

Kinyesi chepesi na vimelea vidogo

Chukua takriban gramu moja, koroga ndani ya mililita 7 za formalini ya asilimia 10, chuja kwa shashi kwenye tyubu, ongeza mililita 3 za etha, ziba, tikisa kwa nguvu na uachie hewa kwa uangalifu. Zungusha kwenye mashine kwa nguvu ya 500 g (yaani mara 500 ya mvuto wa dunia) kwa dakika 10. Utapata tabaka nne: etha, kizibo cha uchafu, formalini, na mashapo chini. Legeza kizibo kwa kijiti, mwaga tabaka tatu za juu kwa mkupuo mmoja, na usome mashapo, tone moja kwa maji ya chumvi na jingine kwa iodini. Etha hushika moto kwa urahisi mno. Madirisha yawe wazi na jiko la chai liwe chumba kingine.

Ukiona sisti ya amiba, yaani amiba iliyojifunga ndani ya ganda, yenye viini vinne, usiandike Entamoeba histolytica. Kwa hadubini sisti yake haitofautiani na ya Entamoeba dispar, isiyoleta ugonjwa, hadi upime antijeni (protini za kimelea) au PCR (kipimo cha DNA). Andika majina yote mawili pamoja. Ikiwa una mpango wa PCR, tenga sehemu ya sampuli mapema kwenye ethanoli, kwa sababu formalini huharibu DNA.

Hesabu

Mtoto mwenye mayai 37 ya mnyoo mjeledi kwenye slaidi ya kwanza na 29 kwenye ya pili ana wastani wa 33, mara 24 ni mayai 792 kwa gramu. Shirika la Afya Duniani huuita mzigo mwepesi wa minyoo mjeledi kuwa chini ya 1,000, wa kati hadi 9,999, na mzito kuanzia 10,000. Kwa minyoo mviringo mipaka ni 5,000 na 50,000, kwa safura 2,000 na 4,000, kwa Schistosoma mansoni 100 na 400.

Utakuta watoto wengi wana mayai machache au hawana kabisa, na wachache wana maelfu. Hivyo ndivyo minyoo inavyoishi katika jamii, haijilimbikizi sawa kwa kila mtu. Kwa hiyo usiridhike na wastani mmoja wa shule nzima. Onyesha idadi ya walio katika kila kundi la mzigo, na kila shule peke yake. Kiwango kikifika asilimia 20, Shirika hilo hupendekeza dawa kwa watoto wote mara moja kwa mwaka. Kikifika 50, mara mbili.

Taka

Vikopo, slaidi na glovu viingie kwenye mifuko ya njano ya taka zenye maambukizi, vipikwe kwenye otoklevu, mashine ya mvuke wa shinikizo, kwa nyuzi 121 kwa nusu saa, kisha vichomwe kwenye tanuri la kituo cha afya mlichokubaliana nacho. Usitegemee formalini peke yake: mayai ya minyoo mviringo yanaweza kuendelea kukua hata ndani yake. Usiache hata kikopo kimoja kwenye jaa la shule. Watoto huokota vikopo vyenye mifuniko mizuri wakavichezea.

Dawa na majibu

Mtoto mwenye minyoo hupewa albendazole miligramu 400, mara moja, ya kutafuna mbele ya mhudumu. Mdogo wake wa kati ya mwaka mmoja na miwili hupewa 200, iliyopondwa na kuchanganywa na maji, kwa maana kidonge kizima humkaba. Mwenye kichocho hupewa praziquantel miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, akiwa ameshakula. Mtoto mwenye tumbo lililovimba, anayetapika na asiyepata choo asipewe dawa shuleni. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, huenda minyoo imeziba utumbo. Mwambie mama mapema kwamba minyoo yaweza kutoka na choo, hata mdomoni mara chache, ili asishtuke usiku.

Ukiweza, rudi kati ya siku 14 na 21 baada ya dawa upime tena wale waliokutwa nayo. Gawa wastani wa baada kwa wastani wa kabla, toa jibu kwenye moja, zidisha kwa 100. Kwa minyoo mviringo dawa inatarajiwa kupunguza mayai kwa angalau asilimia 95, kwa safura 90. Kwa minyoo mjeledi kiwango cha kuridhisha ni 50 tu, kwani albendazole ya mara moja haiiwezi vizuri, na wazazi wanastahili kuambiwa hivyo wazi wasije wakadhani mmewapa dawa bandia.

Majibu ya kila mtoto yapelekwe kwa mlezi wake ndani ya bahasha iliyofungwa, na yasisomwe darasani. Majibu ya shule yapelekwe kwa mwalimu mkuu, wazee wa mtaa, afisa wa afya wa kaunti ndogo na mwakilishi wa wadi, kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili ulio na kiwango cha minyoo upande mmoja na idadi ya watoto kwa kila choo upande wa pili. Andika tarehe, andika simu ya mradi, na mwachie mhudumu wa afya ya jamii nakala kumi.